Mtoaji Hakutaka Kujulikana

Ninyi mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua mliponiacha: nimesimama mlangoni pa chumba changu cha kushonea, kufuli zima liko mkononi, cherehani haimo. Na wewe uliyenikuta leo, vuta kiti, hujachelewa sana.

Mimi ni fundi cherehani. Jina la ubatizo limebaki kwenye cheti. Mtaani na kanisani naitwa Shoto, kwa kuwa natumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, hata kumpungia mtu. Cherehani iliyopotea niliirithi kwa mama yangu. Ndiyo iliyonilisha, ndiyo iliyonisitiri.

Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao mume wangu, mpishi wa hoteli. Nikapiga hesabu ya haraka haraka, na haraka mnajua haina baraka. Nikamwita mume wangu mwizi. Na sikumwitia chumbani. Nilimwitia uani, majirani wakisikia, na nusu ya kwaya ipo pale imekuja kupimwa sare.

Mpishi hakubishana. Alikunja aproni yake taratibu kama anavyokunja kila siku, akaitia kwenye mfuko.

"Shoto," akaniambia, "mimi nikirudi hapa nitarudi na jina langu. Umelichafua mbele ya watu, utalisafisha mbele ya watu."

Akaenda zake kwa mama yake. Nami nikabaki nimeshika kiuno, naona amejitia utakatifu tu.

Hapo ndipo tulipokuwa. Sasa sikieni yaliyofuata, halafu mniambie kama kuna mwanadamu aliyechezewa kama mimi.

Nina dada mmoja tu duniani. Nikiwa mchanga alinibeba mgongoni na yeye mwenyewe bado mgongo haujakomaa, na mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Nampenda. Ila ana tabia moja: nikisema "mama yangu", lazima anisahihishe. "Mama yetu." Tangu utotoni. Hata siku ya mazishi nilipokuwa nagaragara chini nalia, "Mama yangu jamani, mama yangu," dada alinishika bega na machozi yakimtoka, akasema, "Mama yetu, Shoto."

Mume wake ni mkandarasi. Shemeji yangu huyu ni mtu wa koti na kikohozi. Akiwa na jambo analotaka watu walijue, hasemi; anakohoa. Na kwa muda mrefu alikuwa anautaka uzee wa kanisa mpaka unamtoka puani.

Basi Jumapili moja baada ya wizi, mchungaji alipanda madhabahuni na furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

"Wapendwa," akasema, "wiki hii Bwana ametutembelea. Kwanza, kwenye kapu la sadaka tumekuta bahasha nene kuliko zote tulizowahi kupata, na haina jina."

Shemeji akakohoa.

"Pili, kuna ndugu ameguswa na msiba wa dada yetu Shoto. Ametoa kitu. Lakini hakutaka kujulikana."

Mtoaji hakutaka kujulikana, ila alisimama, akafunga kifungo cha koti, akakaa, kisha akasimama tena kumpisha mtu ambaye hakuwepo. Kina mama wa benchi la nyuma wakaanza kunong'ona jina lake na kutikisa vichwa kwa heshima.

Mchungaji akasoma lile neno la mkono wa kushoto kutojua linalotendwa na mkono wa kuume. Kanisa zima likageuka kunitazama na kucheka. Mkono wa kushoto mwenyewe nilikuwa pale, na kweli sikujua kitu.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, ikaletwa cherehani. Nyeusi, inang'aa, meza mpya, imefungwa utepe mwekundu. Vigelegele vikapasua bati. Mimi nikapiga magoti yote mawili sakafuni, nikalia mbele za watu bila kujali kamasi.

Dada akaja kuniinua.

"Umefurahi?" akaninong'oneza.

"Nimefurahi, dada."

"Kweli umefurahi? Sema."

"Asante, dada yangu. Asante sana."

Akafumba macho, akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Nikasema moyoni, kumbe damu ni nzito kuliko maji. Mchungaji akaniomba Jumapili itakayofuata nitoe ushuhuda, kabla ya waumini kupiga kura za wazee wapya wa kanisa. Nikakubali. Nani angekataa?

Nyumbani niliweka nadhiri: kazi ya kwanza ya cherehani hii itakuwa shati la shemeji. Nikakata kitambaa kizuri cha bluu nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mume wangu. Nikatia uzi, nikakaa, nikasogeza kitambaa.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kazi yetu, na si gumu. Chini ya sindano kuna kipande cha chuma, kama sahani ndogo. Mafundi wengi huwa na mstari pale, kuume mwa sindano, wa kupimia pindo. Mimi nilipokuwa mtoto najifunza, pindo langu lilikwenda upogo kila mara, maana mkono wangu ulitaka kufanyia kazi upande wa pili. Watu walimwambia mama anichape mpaka niache ushoto. Mama alichukua tupa, akapiga mstari mwingine, kushoto mwa sindano. "Huu ni wako," akasema. "Wengine watumie wao."

Basi nilisogeza kitambaa kama nilivyozoea, na kidole gumba kikaenda chenyewe kutafuta mstari kushoto, kwa mazoea tu, bila mimi kukituma.

Kikaupata.

Nikatoa kitambaa, nikaangalia. Chuma cha zamani, kimelainika kwa kusuguliwa na nguo, mstari wa kuume upo, na wa kushoto upo, umepinda kidogo mwishoni pale tupa ilipomteleza mama. Rangi mpya nyeusi ilikuwa imeishia chuma kilipoanzia. Nikakwangua kwa ukucha ubavuni. Chini ya weusi ikatoka rangi ya kijani ninayoijua tangu nilipojua rangi.

Nilipewa mali yangu. Nilifungiwa utepe kwenye mali yangu mwenyewe, nikapiga magoti, nikashukuru!

Sijui kama mmewahi kudanganywa mkashangiliwa hapo hapo. Hasira yake ni ya peke yake. Niliiona ile midomo yote iliyopiga vigelegele, nikaliona koti la shemeji likifungwa kifungo, nikachukua kile kitambaa cha bluu nikakitupa ukutani. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nisione!

Ufunguo je? Nikakumbuka. Nilipokuwa nimelazwa hospitali, ufunguo wangu nilimwachia dada awe anawapa wateja nguo zao. Aliurudisha nilipopona. Lakini ulikaa nyumbani mwake, na nyumbani mwake anaishi nani? Shemeji. Mtu wa mafundi na makufuli. Kuchonga ufunguo mwingine kwake ni kazi ya kunywa maji.

Nikafunga mlango, nikaenda kwa dada mbio mbio, kiatu kimoja hakijafungwa.

Nilimkuta chumbani kwake anakunja nguo. Hata salamu sikumpa vizuri.

"Dada, ile cherehani mmeitoa wapi?"

"Dukani. Si anajua shemeji yako."

"Duka gani?"

"Ah, Shoto, mtu akipewa farasi anauliza zizi?"

Alicheka, ila macho yake yalikimbilia juu ya kabati, na yangu yakayafuata. Juu ya kabati, kando ya kitanda chake, kulikuwa na kifuniko cha mbao cha cherehani ya mama. Kile kile, na kona iliyotafunwa na mbwa wetu. Juu yake ameweka Biblia yake na miwani.

"Na kile?" nikauliza.

Dada akakaa kitandani. Nguo alizozikunja zikaanguka.

"Mdogo wangu, funga mlango."

Nikafunga.

"Ni mume wangu," akasema. "Uzee wa kanisa umempanda kichwani. Alichukua ufunguo nilipokuwa nao. Mimi nimekuja kujua mambo yameshaharibika."

"Amethubutu kuipaka rangi cherehani ya mama yangu?"

"Mama yetu," akasema dada, huku anajifuta machozi.

Hata hapo hakuacha.

"Jumapili natoa ushuhuda," nikamwambia. "Nitautoa, wataujua."

Akanishika gauni. "Ukisema, ndoa yangu imekwisha. Yule mtu akiaibika mbele ya kanisa atanimalizia hasira zote mimi. Shoto, nani alikulea? Nani alikaa na njaa ili wewe ule?"

"Na mume wangu niliyemwita mwizi?"

"Wanaume husahau. Mpigie simu, mwombe radhi pembeni. Mwambie mwizi hajulikani."

"Nilimchafua hadharani, dada!"

"Kwa hiyo na mimi utanichafua hadharani? Haya. Chagua."

Ndugu zangu, nilitoka pale siwezi hata kuvuka barabara. Nikimtetea mume, namzika dada. Nikimsitiri dada, mume wangu anabaki mwizi mpaka kaburini. Na aliyetenda yote anajipigia miluzi mahali fulani, anapima koti!

Nikampigia mume wangu simu. Sauti yake ilikuwa na masufuria nyuma yake.

"Nasikia umepewa cherehani," akasema.

"Nimepewa."

"Mungu ni mwema. Na mwizi?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi, na hapo ndipo nilipoipoteza. Nilisema, "Hajulikani."

Akasema, "Basi nitakuja Jumapili nisikie ushuhuda wako. Nitasimama mlangoni. Mwizi hakai viti vya mbele."

Siku iliyofuata shemeji akanisimamisha njiani, amejaa tabasamu.

"Shemeji, kwenye ushuhuda sema kwa kifupi tu. Mimi usinitaje, kutoa ni moyo. Ila wakikulazimisha kunitaja, taja majina yote matatu."

"Nitajitahidi," nikasema. Ulimi ulikuwa mchungu kama shubiri.

"Unajua, nilimwambia dada yako asichague ya bei rahisi. Nikamwambia, huyo ni damu yako, tafuta iliyo nzuri."

Nikamtazama usoni. Nikaona kweli mwongo huyu hana hata chembe ya aibu, anaupamba uongo wake mpaka na mapambo ya huruma. Nikaondoka bila kumuaga.

Jumapili ikafika. Cherehani wameiweka mbele, na utepe wake tena. Kanisa limejaa hadi madirishani, maana baada ya ushuhuda ni kura. Shemeji yuko benchi la kwanza. Dada yuko pembeni yake, leso mkononi, midomo inacheza. Hakuwa anasali, alikuwa ananiomba.

Mlangoni mume wangu amesimama. Amevaa shati nililomshonea siku ya ndoa yetu.

Mchungaji akanipa kipaza sauti. Nikakipokea kwa kushoto, watu wakacheka kidogo kwa mapenzi. Usiku wote nilikuwa nimewaza, na nilikuwa nimepata njia nyembamba ya katikati: nitamsafisha mume wangu bila kumtaja mtu yeyote. Nitasema kitu kimerudi, mume wangu hakukiiba, basi. Wengine wabaki na Mungu wao.

"Wapendwa," nikasema, "mbele ya baadhi yenu nilimwita mume wangu mwizi. Nilisema uongo. Mume wangu hakuiba kitu. Naomba anisamehe, nanyi mnisamehe."

Minong'ono ikaanza. Shemeji akakunja uso. Ushuhuda ulikuwa unakwenda njia asiyoijua.

"Cherehani yangu haikupotea," nikaendelea. "Imerudi. Hii hapa mnayoiona ndiyo ile ile. Hii ilikuwa ya mama yangu..."

"Mama yetu."

Ilitoka benchi la kwanza. Haikuwa kelele, ila kanisa lilikuwa kimya, na kila mtu alisikia.

Dada akaweka leso mdomoni. Alikuwa amechelewa. Miaka yote ya kunisahihisha ilikuwa imemsukuma kabla akili haijamzuia.

Shemeji akageuka polepole kumtazama mke wake.

"Mama yenu?" akauliza. "Kivipi mama yenu? Hii si ile uliyonunua dukani?"

Nimewahi kuona watu wakikamatwa na uongo. Macho hukimbia, mdomo huongea mfululizo. Shemeji hakuwa hivyo. Alikuwa amekaa mdomo wazi, koti limemkaa vibaya, anamwangalia mkewe kama mtu aliyeamka chumba cha wageni.

"Nilikupa hela ya cherehani mpya," akasema. "Nikakwambia chagua nzuri."

Nikakiona kile kifuniko juu ya kabati, na Biblia, na miwani. Mwizi anayetaka kuficha wizi hutupa kifuniko. Aliyekiweka kando ya mto wake hakuwa anaficha, alikuwa anakumbuka.

"Dada," nikasema, na kipaza sauti bado kiko mdomoni, kanisa lote likasikia. "Ni wewe?"

Akasimama. Nilidhani atakana. Natamani angekana.

"Mama alikupa wewe," akasema. "Mimi nilimwogesha, mimi nilimlisha, mimi nilimfumba macho. Akakupa wewe. Akakuchorea na mstari wako. Mimi hakunichorea chochote."

"Dada..."

"Ngoja nimalize! Tangu hapo hukunihitaji tena. Nikikupa gauni, unasema utajishonea. Nikikuletea unga, kesho yake unaniletea sukari, kama tunalipana. Hujawahi kupokea kitu changu ukakaa nacho, Shoto. Hata sindano."

Mchungaji alisogea, akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Nilitaka mara moja tu nikupe kitu wewe ulie," dada akasema. "Na ulilia. Uliniambia asante. Mbele ya watu wote uliniambia asante."

"Na hela yangu?" Shemeji aliuliza kwa sauti ndogo sana. "Iko wapi?"

"Sikuitaka. Niliitia kapuni."

Kanisa likaguna lote kwa pamoja. Ile bahasha nene isiyo na jina, ambayo shemeji alikuwa ameikoholea! Sadaka pekee iliyotolewa kwa siri ya kweli mwaka huo ilitolewa na mwizi, kwa hela ya mtu mwingine, kwa sababu ilimchoma mikononi.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mbele ya madhabahu, nilitaka kumpiga dada yangu kibao. Alinitenganisha na mume wangu, akamsingizia wake, akaniacha nichague nani nimzike, na waume wote wawili hawakuwa na hatia. Na wakati huo huo masikio yangu yalikuwa yanamsikia akisema sukari, unga, sindano, na nilijua hajaongeza hata neno.

"Shoto."

Sauti ilitoka mlangoni. Watu wakapisha. Mume wangu alikuwa ameingia hatua chache, ananitazama mimi peke yangu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, angalau hili limepona, jina lake nimelisafisha pale pale alipotaka.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Nini?"

"Kwamba cherehani ni hii. Uliponipigia simu, nikakuuliza mwizi, ukasema hajulikani. Ulikuwa unajua?"

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angenipinga isipokuwa dada, na dada alikuwa ametoka bencheni, amepiga magoti miguuni pangu, amenishika mkono.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Mpishi akatikisa kichwa, kama mtu aliyeonja chakula akakuta kimeungua chini. Hakunitukana. Aligeuka, akaanza kutoka, na watu wakampisha tena.

"Ngoja!" nikaita.

Hakungoja. Nikataka kumkimbilia. Lakini mkono wangu wa kushoto, huu ninaofanyia kila kitu, ulikuwa umeshikwa na dada kwa mikono yake yote miwili, na alikuwa anasema neno moja tu, tena na tena, neno ambalo hakuwahi kuniambia maisha yake yote.

"Nisaidie, Shoto. Nisaidie."

Na pale mlangoni mgongo wa shati langu ulikuwa unazidi kuwa mdogo.